Kuongeza Maji na Kuziba Tundu

Kwa miaka mingi hapakuwa na lori katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma lililosafiri bila dumu la maji. Lilifungwa kwa mpira nyuma ya kichwa cha lori, au likaning'inizwa ubavuni karibu na gurudumu la akiba, na kulitunza ilikuwa kazi ya tandiboi. Lori liliposhindwa mlima na mvuke ukaanza kufuka chini ya boneti, tandiboi aliruka chini, kigingi cha kuzuia gurudumu mkono huu na dumu mkono huu. Sisi tuliokulia kando ya barabara ile tuliiona kazi hiyo kuwa sehemu ya kuendesha lori, kama kukanyaga klachi. Haikutupitikia kwamba maji yanayoongezwa kila siku lazima yawe yanakwenda mahali.

Swali hilo dogo, kwamba maji yanakwenda wapi, ndilo nitakalolifuata katika kurasa hizi. Fundi huanza nalo kila anapoletewa lori linalopungua maji. Lakini hata asiye fundi akilifuata kwa subira atajikuta anasoma historia: historia ya barabara, ya uhaba, na ya tabia ambazo watu huzipata wakati wa dhiki na kuzibeba hata dhiki ikiisha.

Kuongeza maji ni kazi ya zamani sawa na gari lenyewe. Mjerumani Karl Benz aliandikisha uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu mwezi Januari 1886. Injini yake ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani kama mvuke. Mwezi Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari la namna hiyo pamoja na wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Wasimulizi hupenda zaidi kueleza jinsi alivyonunua mafuta katika duka la dawa njiani. Lakini safari nzima walilazimika pia kutafuta maji ya kuongeza. Ndiyo kusema kwamba safari ndefu ya kwanza ya gari ilikuwa pia safari ya kutafuta maji, na mama yule alikuwa dereva na tandiboi kwa wakati mmoja.

Kiu hiyo ina sababu yake. Mafuta yakiwaka ndani ya injini, ni sehemu tu ya joto lake inayogeuka kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Sehemu nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki hukaa katika chuma. Joto hilo lisipoondolewa, pistoni huvimba na kukwama ndani ya silinda. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach alibuni rejeta iliyofanana na sega la nyuki kwa ajili ya gari la kwanza lililoitwa Mercedes. Ilikuwa na vijibomba zaidi ya 8,000 vya kupitisha hewa, na injini ikatosheka na lita 9 tu za maji, kwa kuwa maji yaleyale yalipozwa na kurudi kazini. Tangu hapo gari halikupaswa tena kunywa njia nzima. Kama linakunywa, lina ugonjwa.

Yapo pia mambo matatu ambayo kila dereva anayajua, ingawa si kila dereva anayaheshimu. La kwanza ni pampu ya kusukuma maji. La pili ni themostati, mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. La tatu ni kifuniko cha rejeta chenye springi. Wengi hudhani kazi ya kifuniko hicho ni kuzuia maji yasimwagike, kama kizibo cha chupa, kumbe kazi yake kubwa ni kutunza presha. Maji ya pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini yakibanwa kwa paundi 7 kwa kila inchi ya mraba hayachemki mpaka nyuzi 111 hivi. Kwa sababu hiyo, tundu dogo katika rejeta au mpira wa maji huleta hasara mbili. Hupoteza maji, na hupoteza presha, hata maji yaliyobaki yakachemka mapema.

Ukitaka kuiona hasara hiyo ya pili, panda Kitonga. Barabara inatoka bonde la Ruaha Mkuu na kupanda ukingo wa milima hadi uwanda wa juu wa Iringa, ambao uko mita zipatazo 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi kama 95. Lori linapanda kwa gia ndogo, injini inanguruma kwa nguvu zake zote, upepo wa kulipoza ni mdogo kwa sababu mwendo ni wa kinyonga, na maji nayo yamekaribia kuchemka kuliko yalivyokuwa Morogoro. Kasoro iliyojificha tangu bandarini huumbuka pale.

Na ni historia ya siasa iliyowapeleka madereva wengi namna ile kwenye mlima huo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe dhidi ya Uingereza. Zambia, iliyopata uhuru Oktoba 1964, ilikuwa haijatimiza hata miezi 14 ya kujitawala, na mafuta yake pamoja na sehemu kubwa ya bidhaa zake yalikuwa yakipitia kusini. Njia hiyo ya mafuta ilipokatika, ndege zilitumwa kubeba mapipa, lakini nchi yenye migodi ya shaba haiwezi kuishi kwa mafuta ya ndege. Ikabaki barabara ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 mpaka Tunduma kabla hujaanza kuihesabu Zambia yenyewe, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya udongo. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta na kushuka na shaba. Wakati wa kiangazi vumbi liliziba mapengo ya rejeta. Wakati wa masika matope yaliyakamata magurudumu, na injini ikachemka bila kusogea hatua. Wazungu walioipita waliipa jina lenye maana ya Njia ya Jehanamu. Madereva wetu hawakuhitaji jina, walihitaji maji.

Misaada ya kuipunguzia barabara ile mzigo ilikuja kwa awamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Lami ikaenea kidogo kidogo hadi miaka ya mwanzo ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilianza kujengwa kwa msaada wa China mwaka 1970 na ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Lakini ile miaka michache ya udongo na haraka ilikwisha kufundisha kizazi kizima cha madereva na mafundi. Walifunzwa kwamba shehena haingoji, kwamba lori likisimama porini hakuna wa kulaumiwa ila wewe, na kwamba penye mto pana dawa. Mafunzo hayo yalikuwa ya kweli kwa wakati wake.

Kisha ukaja uhaba, ukayakomaza mafunzo yale yakawa tabia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, kwa hiyo njia ya vipuri kutoka Nairobi ikawa ya magendo au ikawa haipo. Mwaka 1978 na 1979 tulikuwa vitani Kagera. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mwenye lori lililohitaji mpira wa maji wa shilingi chache aliweza kusubiri miezi. Unafuu ulianza mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mwaka 1986 yakaja makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa pamoja na mageuzi yake machungu.

Katika miaka ile ya kati, mafundi wetu walifanya mambo ambayo mimi siwezi kuyacheka. Mpira uliopasuka ulifungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na waya. Kijibomba cha rejeta kilichotoboka kilikatwa, kikakunjwa kwa koleo na kulehemiwa kwa risasi, rejeta ikaendelea na vilivyobaki. Hilo liliwezekana kwa sababu rejeta za enzi hizo zilikuwa za shaba nyekundu na shaba ya njano, ambazo hupokea risasi vizuri; hizi za alumini na plastiki zilizoenea baadaye hazimkubalii fundi wa mkaa na risasi. Gasketi zilichongwa kwa karatasi ngumu. Na pasipokuwepo chochote, ndani ya rejeta liliingizwa yai bichi, au pilipili manga iliyotwangwa, au unga. Chembe hizo hukokotwa na maji mpaka penye tundu, zikaganda pale na kuziba. Dawa hiyo inafanya kazi, na huo ndio ubaya wake. Tundu halioneshwi, linafichwa tu, na chembe zilezile huenda kuziba vijibomba vizima. Waswahili walikwisha sema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Tabia mbili nyingine za enzi hiyo zilidumu zaidi. Moja ni kung'oa themostati. Ikiharibika na nyingine haipatikani, ilikuwa busara kuitoa ili maji yapite. Lakini desturi ikageuka kanuni, hata lori jipya likang'olewa themostati siku ya kwanza, eti ni kifaa cha nchi za baridi. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi na silinda zake huchakaa mapema. Tena zipo injini ambazo themostati ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, zikazidi kuchemka.

Tabia ya pili ni kutumia maji matupu ya mtoni au ya kisimani. Hapa jina ndilo lililotupoteza. Ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji, ambayo leo tunaiita kulanti, iliuzwa Ulaya na Marekani kama kinga dhidi ya barafu, na wengi wetu tukasema, kwa haki kabisa, kwamba Morogoro hakuna barafu. Ambacho hakikuandikwa kwa herufi kubwa juu ya kopo ni kwamba ndani yake mna dawa za kuzuia kutu, na kwamba mchanganyiko huo huchemka kwenye joto la juu kuliko maji matupu. Maji ya mtoni huacha magadi na tope ndani ya injini, nayo hula chuma polepole. Bandu bandu huisha gogo.

Nilijifunza uzito wa maneno hayo mwaka 1994 huko Makambako. Mjomba wangu alikuwa na lori lenye pua, la miaka ya 1970, alilolinunua likiwa limekwisha fanya kazi ya watu wengine. Lilisomesha watoto wake na sehemu ya watoto wa dada zake. Mwaka huo lilianza kunywa maji: kwanza lita moja kwa safari, kisha lita tano, kisha dumu zima kabla ya kufika Mafinga. Chini ya lori hapakuwa na tone. Rejeta ilikuwa kavu nje, mipira mizima. Wapo waliomshauri aweke unga wa kuzibia, wapo waliomwambia aliuze kwa mnunuzi wa mbali kabla siri haijatoka. Akampelekea fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache.

Fundi yule hakugusa spana asubuhi ya kwanza. Aliuliza maswali. Linapungua likienda au hata likilala? Moshi wake una rangi gani likiwashwa alfajiri? Oili inapungua au inaongezeka? Mjomba akajibu kwamba kwa kweli oili ilikuwa haipungui kama zamani, na yeye aliona ni baraka.

"Mzee," fundi akasema, "oili haiongezeki yenyewe. Hiyo si baraka, ni maji yako."

Hata hivyo hakuruka hatua. Injini ikiwa baridi, alikagua klipu zote na kutafuta michirizi myeupe ya chumvi ambayo maji huiacha yakikauka juu ya chuma cha moto. Akapapasa kijitundu kilicho chini ya pampu ya maji, ambacho huvuja sili ya pampu ikichoka. Akakitazama kifuniko cha rejeta, springi na mpira wake. Akaiwasha injini kifuniko kikiwa wazi na kuangalia kama mapovu yanapanda, maana mapovu mfululizo yangesema kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na moshi unaingia kwenye maji. Hakukuwa na mapovu. Basi akaliacha lori lilale usiku mzima, na asubuhi akailegeza taratibu nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutangulia chini. Kilichotangulia kutoka kilikuwa maji ya kutu, kiasi cha vikombe viwili, kisha ndipo oili ikafuata, imepauka kama chai ya maziwa.

Akaifungua sampu, akaweka pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta na kuyabana maji, akalala chini ya lori na tochi. Tulikaa kimya. Baada ya muda akaniita nitazame. Kutoka silinda ya nne maji yalidondoka, tone baada ya tone, bila haraka, kama yalivyokuwa yakifanya kwa miezi mingi.

Zile silivu za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, katika injini ya aina ile, huoshwa na maji moja kwa moja kwa nje. Ya nne ilipotolewa, upande wake mmoja ulikuwa umedonolewa matundu kama mbao iliyoliwa na dumuzi, na moja lilikuwa limetokeza upande wa pili, jembamba kama la sindano. Fundi alieleza kwamba silivu hutetemeka kila mafuta yanapolipuka ndani yake. Mtetemo huo huzaa vipovu ndani ya maji, na vipovu vikipasuka juu ya chuma huking'oa chembe kwa chembe. Maji yenye dawa huacha utando unaokinga chuma. Maji matupu hayana cha kukinga.

Mjomba hakukubali mara moja. "Kijana wangu," alimwambia fundi, ingawa fundi hakuwa kijana, "lori hili limekwenda miaka ishirini kwa maji ya mto."

"Limekwenda, Mzee," fundi akajibu. "Limekwenda huku likiliwa."

Iliwekwa silivu mpya katika silinda zote sita, pamoja na ringi zake za mpira na gasketi. Rejeta ilifunguliwa na kusuguliwa, themostati ikarudishwa mahali pake, maji safi yakachanganywa na kulanti nusu kwa nusu. Mjomba aliuza ng'ombe wawili kulipia. Lori lilifanya kazi miaka tisa zaidi.

Nimefikiri mara nyingi juu ya jibu la fundi yule, kwa sababu linaamua ugomvi ambao si wa malori peke yake. Mjomba alikuwa na ushahidi wa miaka ishirini, nao ulikuwa wa kweli. Kuongeza maji kulimvusha katika miaka ambayo vipuri havikuwepo, na mtu hawezi kuambiwa kirahisi kwamba kilichomwokoa ndicho kilichokuwa kikimla. Lakini uhaba ulikwisha legea, maduka ya vipuri yakajaa barabara nzima ya Makambako, na bado tulikuwa tunaongeza maji. Dhiki ilikuwa imeondoka ikatuachia desturi zake, nasi tukaziita uzoefu.

Gharama ya desturi hizo hailipwi na mwenye lori peke yake. Nimewaona vijana wa kazi ya tandiboi waliobabuka uso na mikono kwa kufungua kifuniko cha rejeta ya moto, kwa sababu lori lazima linyweshwe na tajiri anangoja mzigo. Kifuniko kikilegezwa ghafla presha huondoka, na maji yaliyokuwa yametulia juu ya nyuzi 100 hulipuka kuwa mvuke papo hapo. Kila lori linalovuja bila kutibiwa linamwita kijana wa mtu aje alifungue.

Sidhani kwamba tuwadharau waliotia yai na pilipili manga. Katika giza la kiangazi, mbali na gereji, mwenye kulifikisha lori nyumbani kwa ujanja wowote anastahili heshima. Ila ujanja wa njiani kazi yake ni kukufikisha kwa fundi, na ukifika, kaa chini uulizwe maswali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliyezoea kujenga ukuta kila mwaka mwisho huona ufa kuwa sehemu ya nyumba.